Hesabu za dozi wodini: shajara ya mradi wetu

Naandika shajara hii ili wodi nyingine ikitaka kufanya kazi kama hii, ianzie pale tulipofika. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto na watoto wachanga. Tuko wauguzi 14, na wanafunzi huja kwa zamu. Tulichokitaka ni kwamba kila dozi inayovutwa kwenye bomba la sindano iwe imekokotolewa, imeandikwa, na imehakikiwa kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata hatua kwa hatua. Yaliyokwenda vizuri nimeyapitia haraka. Makosa nimeyaeleza kwa kirefu.

Dozi nilizozitaja humu ni mifano ya hesabu. Ukiwa na mgonjwa mbele yako, fuata mwongozo wa kituo chako na karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi la dawa.

6 Januari: Bomba lililojaa

Mwezi uliopita mgonjwa wetu mmoja aliandikiwa insulini yuniti 10. Kwenye chati iliandikwa "10U", na ile U ilikuwa imefungwa juu kwa haraka ya kalamu. Mwenzetu wa zamu ya usiku akasoma 100. Insulini yetu ina yuniti 100 katika kila mililita, kwa hiyo alivuta mpaka bomba la mililita 1 likajaa. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa kwa namba aliyoisoma. Kilichomshtua ni kuliona bomba lenyewe, kwani tangu aanze kazi hajawahi kuona bomba la insulini limejaa hadi mwisho. Akaliweka chini kwenye trei, akaenda kumwita daktari.

Mtoto hakuguswa. Lakini sote tulijua kwamba siku nyingine, kwa mtu aliyechoka zaidi au mgeni zaidi, bomba lile lingefika kitandani.

Leo msimamizi wa wodi amekubali tuanze mradi, na mfamasia ameahidi kushiriki. Tumeanza na uandishi, kwa kuwa hauhitaji mafunzo. Neno "yuniti" liandikwe lote. "Maikrogramu" nalo liandikwe lote, maana ile alama yake ya Kigiriki ikiandikwa kwa mkono husomeka kama m ya miligramu, na kati ya hizo mbili kuna tofauti ya mara 1,000. Sufuri itangulie nukta, isiifuate: tunaandika 0.5 na hatuandiki .5, tunaandika 5 na hatuandiki 5.0. Nukta ikififia, .5 inageuka 5, na 5.0 inageuka 50.

Gharama: kikao cha nusu saa.

14 Januari: Mtihani usio na majina

Tumefanya mtihani wa maswali 20, karatasi hazina majina. Nilimwomba kila mtu aandike hatua zake zote, asiandike jibu tu. Hilo ndilo lililotusaidia kuliko alama.

Nilidhani tatizo litakuwa kanuni. Haikuwa hivyo. Kila mmoja anaijua: dozi inayotakiwa, gawanya kwa dozi iliyopo, zidisha kwa ujazo wenye dozi hiyo iliyopo. Watu waliteleza kabla ya kufika kwenye kugawanya. Mmoja alichukua miligramu na maikrogramu akazigawanya bila kuzigeuza kwanza kuwa kipimo kimoja. Wengi walikwama kwenye asilimia na uwiano. Swali la adrenalini ndilo lililoangusha watu zaidi: mtoto wa kilo 10 aliyesimama moyo, dozi ya miligramu 0.01 kwa kilo, unavuta mililita ngapi? Miligramu 0.1 kila mtu aliipata. Kisha nusu ya karatasi zikaishia hapo, au zikaweka jibu bila kusema ni la ampuli (kichupa cha kioo cha kuvunja chenye dawa ya sindano) ipi.

Adrenalini ya 1:1,000 maana yake ni gramu 1 katika mililita 1,000, yaani miligramu 1 kwa mililita. Ya 1:10,000 ni miligramu 0.1 kwa mililita. Kwa mtoto huyo unavuta mililita 1 ya 1:10,000. Ukivuta mililita hiyohiyo kutoka ampuli ya 1:1,000 umempa mara kumi.

27 Januari: Mafunzo

Vipindi vitatu vya saa moja, kila kimoja kilifanyika mara mbili ili zamu zote zipate. Mengi yalikuwa marudio. Mfamasia alifungua kwa kukumbusha kwamba mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya usalama wa dawa kwa lengo la kupunguza kwa nusu madhara makubwa yanayoweza kuepukika, kisha akaingia moja kwa moja kwenye mabomba na vichupa. Nilimshukuru kwa hilo.

Kilichochukua muda ni asilimia. Asilimia ya dawa ya maji ni gramu katika mililita 100. Basi. Glukosi ya asilimia 50 ina gramu 50 katika mililita 100, yaani gramu 0.5 kwa mililita. Lignokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 2 ina gramu 2 katika 100, yaani miligramu 20 kwa mililita. Mtu akishalishika hili halimtoki.

Tukafanya kwa mikono: mtoto wa kilo 10 sukari imeshuka, anahitaji glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, yaani mililita 50, na kabatini kuna ya asilimia 50 tu. Jozi mbili zilivuta mililita 10 za glukosi zikaongeza mililita 50 za maji ya sindano. Wakapata mililita 60 za kitu ambacho ni kama asilimia 8.3. Jibu ni mililita 10 za glukosi na mililita 40 za maji. Namba 50 ni ujazo wa mwisho, na maji ni kile kilichobaki kuufikia. Kosa hili nimelirudia hapa kwa sababu lilitutokea tena mwezi Machi kwa sura nyingine.

Gharama: saa sita za ufundishaji, na saa kama kumi za kuandaa.

3 Februari: Kadi za ukutani

Tumetengeneza kadi 24, kila moja ya dawa moja, tukazitia plastiki na kuzibandika juu ya meza ya dawa. Upande mmoja uzito wa mtoto, upande wa pili mililita za kuvuta. Mtu hana haja ya kukokotoa, anasoma tu. Wodi nzima imezifurahia. Mimi mwenyewe nililala vizuri usiku ule.

17 Februari: Kadi zimeshushwa

Leo nimezishusha zote 24 kwa mkono wangu.

Mtoto mchanga wa kilo 3.2 aliandikiwa gentamaisini, dawa ya antibiotiki, miligramu 5 kwa kilo, yaani miligramu 16. Kadi ilisema mililita 1.6. Kadi ile tuliitengeneza kwa ampuli tulizokuwa nazo, zenye miligramu 20 katika mililita 2. Siku ya Ijumaa zilikuja nyingine kutoka stoo. Ampuli ni ya mililita 2 vilevile, kioo ni kilekile, maandishi ni madogo vilevile, ila ndani mna miligramu 80.

Nilikuwa nimeshavuta. Mwanafunzi aliyesimama pembeni yangu, wiki yake ya pili wodini, alikuwa amekabidhiwa kazi moja: kusoma ampuli kwa sauti. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha, akasema polepole, "Samahani sista, hii imeandikwa themanini."

Mililita 1.6 kutoka kwenye ampuli ile ni miligramu 64. Mtoto angepata mara nne ya dozi yake, ya dawa inayoweza kuharibu figo na masikio. Kiasi sahihi kilikuwa mililita 0.4. Na safari hii bomba halikuonekana la ajabu hata kidogo, kwa sababu mililita 1.6 ndicho kiasi macho yangu yalichokizoea kwa mtoto wa uzito ule.

Kosa lilikuwa langu niliyezibuni kadi. Kadi iliyoandika mililita ilikuwa imetunyang'anya sababu ya kusoma lebo. Nimeandika taarifa ya tukio, na nimemshukuru mwanafunzi mbele ya kila mtu wakati wa makabidhiano ya zamu, kwa maneno na kwa sababu zake, ili wengine wajue kwamba kumsemesha mkubwa namna ile ni kazi wanayotakiwa kuifanya.

Gharama: kadi 24 zimetupwa, siku mbili za kazi.

24 Februari: Kadi toleo la pili

Kadi mpya hazina namba ya mililita za kuvuta hata moja. Zinaishia kwenye miligramu kwa kilo na kiwango cha juu cha dozi. Chini kuna mistari mitupu ya kujaza kwa kalamu inayofutika:

Uzito wa leo: ...
Dozi kwa miligramu: ...
Lebo inasema: miligramu ... katika mililita ...
Kadirio: ...
Mililita za kuvuta: ...

Mstari wa lebo unajazwa ampuli ikiwa mkononi. Mstari wa kadirio umetokana na lile bomba la insulini la Desemba. Kabla ya kugusa kikokotoo, mtu anaandika kwa akili tu jibu litakuwa wapi: chini ya nusu ampuli? Karibu ampuli nzima? Kwa gentamaisini ile, 16 ni sehemu ndogo sana ya 80, moja ya tano, basi jibu lazima liwe chini sana ya mililita 1. Kikokotoo kikileta 1.6 au 4, unasimama. Tumeongeza na kanuni ya kusimama: hesabu ikidai zaidi ya ampuli au vichupa viwili kwa dozi moja ya mtoto, usifungue cha tatu mpaka mwenzako amekokotoa upya. Mara chache itakuwa kweli unahitaji vitatu. Dakika za kukokotoa upya tunazikubali.

3 Machi: Unga una ujazo wake

Mfamasia alipopitia kadi mpya alinisimamisha kwenye ampisilini. Nilikuwa nimeandika: kichupa cha miligramu 500, ongeza maji mililita 2.5, upate miligramu 200 kwa mililita. Akaniambia, "Fanya hivyo, kisha vuta yote."

Nikafanya. Nikaweka mililita 2.5, nikatikisa mpaka ikawa safi, nikavuta kila tone kwa bomba la mililita 5. Pistoni ikapita 2.5, ikapita mstari wa pili baada yake, ikakaa karibu na 2.9.

Unga ukiyeyuka haupotei. Unachukua nafasi, na kwa kichupa hiki nafasi hiyo ni kama mililita 0.4. Kwa hiyo kwenye kila mililita kulikuwa na miligramu 172 tu, badala ya 200. Mtoto wetu wa kilo 3.2 anayehitaji miligramu 160 angevutiwa mililita 0.8, akapata kama 138. Hii haiogofyi kama mara nne ya gentamaisini, ila ni dozi pungufu kila baada ya saa kadhaa, siku baada ya siku, kwa mtoto mwenye maambukizi, na hakuna atakayeiona. Sijui ni mara ngapi nimeifanya katika miaka yangu ya kazi, na jambo hilo limenikaa moyoni wiki nzima.

Sahihisho: maji mililita 2.1, ujazo wa mwisho 2.5. Ni lile kosa la glukosi, la kuchanganya maji unayoongeza na ujazo unaoupata. Kiasi hutofautiana kwa kila dawa na hata kwa kila mtengenezaji, hivyo kadi sasa inasema "ongeza maji kwa karatasi ya boksi hili" na ina nafasi ya kujaza. Penisilini ya yuniti milioni 1, kwa mfano, tunaiongezea 1.6 ili tupate 2.

18 Machi: "Sawa?" "Sawa."

Tangu zamani tunasaini wawili kwa dawa za hatari. Nilitaka kujua saini ya pili inafanya nini. Kwa idhini ya msimamizi niliandaa karatasi 10 za mazoezi zenye kosa la makusudi, hakuna mgonjwa wala dawa iliyohusika, nikazipeleka kwa wenzangu wahakiki kama kawaida. Sita zilisainiwa.

Nikawakalia pembeni wakifanya. Wa kwanza anasema, "Nimepata mbili nukta nne, sawa?" Wa pili anaangalia bomba, anaona 2.4, anasema sawa. Alichokihakiki ni kwamba bomba lina 2.4. Hakuna aliyemuuliza kama mtoto anahitaji 2.4. Akishasikia jibu, akili yake inatafuta njia ya kulifikia.

Tumebadilisha. Wa pili hapewi jibu. Anapewa chati, ampuli na karatasi tupu, anakokotoa peke yake, ndipo karatasi mbili zinawekwa pamoja. Zikitofautiana, wote wawili wanaanza upya; hatuulizani nani kakosea. Nikarudia na karatasi 10 nyingine. Safari hii ilipita moja. Hiyo moja ilikuwa na uzito uliokosewa kwenye ukurasa wa mbele wa chati, na wote wawili waliunakili kutoka palepale.

Gharama: dakika tatu hadi nne zaidi kwa kila dozi, ambazo kwenye zamu ya usiku ya watu wawili ni nyingi. Ndiyo maana uhakiki huu tumeuweka kwa dawa chache: insulini, gentamaisini, digoksini, heparini, mofini, kloridi ya potasiamu, na kila sindano ya mtoto mchanga.

1 Aprili: Mizani

Ile karatasi moja ilinifanya niende kwenye mizani. Mizani yetu ya watoto ina kitufe kidogo ubavuni kinachobadilisha kilo kuwa ratili, na anayemsogeza mtoto anaweza kukigusa kwa kiwiko bila kujua. Nikapitia daftari la uzito la miezi miwili. Nilimkuta mtoto mmoja ana 10.1, siku inayofuata 22.3, siku ya tatu 10.2.

Ratili 22 ni kilo 10. Kwa parasetamoli ya miligramu 15 kwa kilo, dozi ingeruka kutoka 150 hadi 330. Nilitafuta chati yake kwa mikono inayotetemeka. Siku ile hakuwa na dawa mpya. Dozi zake zote zilikokotolewa siku aliyolazwa.

Kitufe kimefunikwa kwa plasta ngumu. Daftari sasa lina safu ya uzito wa jana kando ya wa leo, na wanaohakiki wawili wanachukua uzito kutoka kwenye daftari, si kwenye jalada la chati. Uzito ukitofautiana na wa jana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, mtoto anapimwa upya.

Gharama: plasta, na mchana mmoja. Kwa faida yake, hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na ningeshauri mtu aanze nayo.

15 Aprili: Matone

Hesabu ya dripu wenzangu wanaiweza: ujazo zidisha kwa matone ya seti (mrija wa dripu) kwa mililita, gawanya kwa dakika. Mililita 1,000 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: 20,000 gawanya kwa 480, ni 41.67, unahesabu 42. Kinachoteleza ni ile 20. Seti za watoto zinatoa matone 60 kwa mililita, na uzuri wake ni kwamba matone kwa dakika yanalingana na mililita kwa saa: mtoto wa mililita 30 kwa saa, matone 30 kwa dakika. Tulikuwa tumezoea hivyo mpaka seti ndogo zilipokwisha na tukatumia kubwa. Matone 30 kwa dakika kwenye seti ya 20 ni mililita 90 kwa saa, mara tatu. Tuligundua baada ya dakika ishirini, kwa sababu mama wa mtoto alisema maji yanaisha haraka kuliko jana. Tulifunga dripu, daktari akamkagua mtoto, na alikuwa salama. Nilimwambia mama ukweli wote na nikamwomba radhi.

Sasa kila chupa inayotundikwa inabandikwa utepe wenye namba ya seti iliyosomwa kwenye pakiti, matone kwa dakika, na mistari ya saa: mahali maji yanapotakiwa kuwa saa 4, saa 5, saa 6. Anayepita hahitaji kuhesabu matone ili ajue kuna shida. Na mzazi naye anaweza kuuona utepe, tunamwonyesha.

29 Aprili: Tulipo

Kadi toleo la pili zina miezi miwili. Tumezirekebisha mara tatu, na ampuli mbili za kloridi ya potasiamu zilizokuwa zimesahaulika kwenye droo ya meza zimerudishwa kwenye kabati linalofungwa, mbali na maji ya sindano ambayo ampuli zake zinafanana nazo. Bado hatujagusa dawa za kudondosha kwa maikrogramu kwa kilo kwa dakika. Hizo zinahitaji kipindi chake na mfamasia ameomba wiki mbili.

Wodi ya jirani wameomba kadi zetu. Nimewapa zile zenye mistari mitupu, pamoja na ampuli mbili tupu za gentamaisini, ya 20 na ya 80, waziweke mezani karibukaribu.